Uso wa Mama Mkwe

Jumamosi, 9 Machi 1996

Daktari Njura ameniambia niandike, kwa hiyo naandika. "Wewe ni mwalimu, daftari huna shida nazo. Kila siku unayompaka dawa, andika tarehe na ulichokiona kwa macho yako. Ukiniletea habari za 'anaendelea vizuri', nitakurudisha nyumbani."

Ni mama mfupi, mtu wa Embu, anayekuja hospitali ya misheni kila Jumamosi ya pili ya mwezi kuona wagonjwa wa ngozi. Leo hatukuwa tumekwenda kwake. Nilimpeleka mama mkwe wangu kupimwa presha. Tulikuwa kwenye benchi, daktari akapita na kikombe chake cha chai, akaenda hatua tatu, akarudi. Aliinama mbele ya Mama akamtazama mashavu.

"Mama, umekuwa ukijipaka nini, na kwa miaka mingapi?"

Mama alitazama ukuta. Mimi nilitazama sakafu. Nina miaka minne tangu niolewe hapa Kibirichia, naishi na Mama boma moja, na sijawahi kumsikia mtu akiutaja uso wake. Una madoa meusi yanayoelekea bluu, kama mtu amepitisha kidole chenye masizi juu ya mashavu na chini ya macho. Katikati ya madoa, ngozi ni nyekundu na nyembamba. Masikio yake na shingo vimepauka tu, havina doa.

"Ishirini na mitano," Mama akasema.

Ndani, daktari alimwambia aache sabuni zote na mafuta yote ya kujichubua, kuanzia leo. Kisha akatoa tyubu ndogo. Ni dawa ya jamii ya vitamini A, inaitwa tretinoini. Kazi yake si kumfanya mtu mweupe, alisema. Kazi yake ni kuamsha ngozi.

"Ngozi haikai, mwalimu. Hiyo unayoiona leo itakuwa imekwenda yote baada ya mwezi mmoja hivi. Nyingine inapanda kutoka chini. Hii dawa inaiharakisha, na ikipanda inabeba rangi iliyoganda. Sijasema itaondoa yote. Rangi iliyozama sana haitoki."

Nimeolewa, nimesoma chuo, nafundisha sayansi darasa la nne, na sikulijua hilo. Mwezi mmoja tu!

Masharti: mara mbili kwa wiki kwanza, jioni, uso ukiwa umekauka. Kiasi cha punje moja ya minji, yaani njegere, kwa uso mzima. Mbali na macho na midomo. Mafuta ya mgando juu yake. Mchana, kofia pana, kwa sababu ngozi mpya haijui jua. Nitampaka mimi, maana mikono ya Mama inatetemeka, na nyumbani kwake hakuna kioo.

Daktari akaniuliza kama nina mimba, kwa sababu mwenye mimba hapaswi kuigusa. Nilisema sina. Mama alikuwa anasikiliza. Uso wangu ulipata moto.

Tulipofika njia panda ndipo Mama akasema neno la kwanza. "Kama utaona kinyaa, sema sasa."

Nikasema sitaona. Ukweli ni kwamba namwogopa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempaka. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, macho amefumba, mikono imeshikana kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Miaka minne sijawahi kumgusa mama huyu zaidi ya kumsalimia kwa mkono. Ngozi yake ina joto kuliko nilivyodhani. Nilipofika kwenye kidevu nilisikia anazuia pumzi.

Alipoinuka alisema, "Vidole vyako ni baridi." Akaenda kulala.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempaka. Hakuna nilichoona.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imeanza! Tulipanda viazi, waru zetu, mpaka giza, mimi, Mama na jirani yetu Igoki. Mama alivaa kofia niliyomnunulia sokoni, ile pana ya makuti. Igoki alicheka akamwita mtalii. Mama hakucheka. Baada ya saa moja kofia ilikuwa imetundikwa kwenye ua.

Jumatatu, 25 Machi

Mara ya tano. Hakuna kitu. Mama ameniambia dawa hii haina kazi, daktari amempa maziwa tu ndani ya tyubu.

Leo niliwaambia darasa la nne kwamba ngozi waliyokuja nayo Januari hawanayo tena. Wakaanza kusugua mikono yao na kutazama chini ya madawati, wakitafuta ilikoangukia.

Jumapili, 31 Machi

Imeanza kubambuka! Pembeni mwa pua na kwenye paji la uso kuna vipande vyepesi vyeupe, kama vile waru changa unapoisugua kwa kidole na ganda linajikunja lenyewe. Nilipaka mafuta ya mgando taratibu. Mama aliuliza, "Inatoka?" Nikamwambia inatoka. Baadaye akauliza tena, "Kweli inatoka?"

Alhamisi, 4 Aprili

Shule imefungwa. Mvua siku nzima. Uso wa Mama ni mwekundu kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpelekea Mama chai nikamkuta amekaa kitandani, uso umevimba hata macho ni mstari tu. Mashavu yalikuwa yanatoa maji. Niliweka chai chini. Nilidhani nimemuua.

Nilikwenda kuitazama tyubu kwenye rafu. Ilikuwa imekunjwa hadi katikati. Mimi nimetumia punje tisa tu, zote zimeandikwa humu. Nikarudi nikamuuliza.

"Siku tano," akasema. "Asubuhi na jioni. Nilifikiri, kama kidogo kinaamsha, kingi kitaamsha upesi."

"Na kofia, Mama?"

"Kofia iko kwenye ua."

Siku tano zote hizo alikuwa shambani, jua la saa sita linalotoka kati ya mvua na mvua. Nilikuwa namwosha kwa maji baridi na kitambaa safi wakati Igoki alipobisha. Alikuwa na wanawake wengine wawili wa kikundi chetu cha waru. Alichungulia mlangoni, akamwona Mama, akaweka mkono mdomoni. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, umemfanya nini mama wa watu?"

Hakungoja nijibu.

"Tumekuwa tukisikia kwamba kila jioni unampaka dawa usoni. Dawa gani hiyo? Mumeo Kinoti yuko Timau kwa matrekta ya watu, hajui kinachoendelea kwake. Mke wa miaka minne, hakuna mtoto wa kumshika hapa, na sasa mwenye boma anachomwa uso. Sisi si wajinga."

Mmoja wa wale wengine akasema, "Twende kwa chifu." Mwingine alikuwa tayari analia.

Mama aliinuka. Hakuwa anaona vizuri, alipapasa ukuta hadi mlangoni, akatoka nje kabisa na kusimama uani penye mwanga, na uso ule ukiwa hivyo ulivyokuwa. Huyu ni mtu ambaye kanisani hukaa pembeni mwa benchi, upande wa ukuta.

"Nitazameni," akasema. "Nimejipaka mwenyewe. Huyu alinipaka punje ya minji, mimi nikajipaka kama mtu anayepaka mkate siagi. Kosa ni langu, na kama mnakwenda kwa chifu mnipeleke mimi."

Igoki akaanza, "Mama Kinoti, sisi tulikuwa tunakuonea huruma tu…"

"Huyu msichana amenishika uso huu mara tisa, Igoki. Nimehesabu. Mimi na wewe tumekaa kanisa moja tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na hujawahi kunitazama machoni hata mara moja."

Mvua ilianza kudondoka. Mwishowe Igoki alivua leso yake ya begani, akamfunika Mama kichwa asilowe, na wakaondoka bila kuaga.

Nimebaki na neno moja tu. Amehesabu. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayehesabu.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumekwenda kwa daktari Njura. Amefoka mpaka wagonjwa wa nje wamesikia. Kisha akamfuta Mama uso kwa pamba, polepole sana, huku akifoka. Hakuna dawa kwa wiki mbili. Maji safi na mafuta ya mgando peke yake. Tyubu ikae kwangu, kwenye sanduku lenye kufuli.

"Imeharibika kabisa?" Mama aliuliza.

"Haijaharibika. Umeikimbiza, ikachoka. Iache ipumzike."

Jumatatu, 29 Aprili

Uvimbe ulikwisha wiki jana. Leo tumeanza upya. Nusu ya punje. Mama anavaa kofia hata akienda kutoa ng'ombe.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua. Waru zimefunika mistari. Nimempaka jana.

Jumapili, 12 Mei

Nilikuwa nimefika shavu la kushoto, Mama macho amefumba, akaanza kusema bila mimi kumuuliza. Naandika kama nilivyosikia.

"Ni Baba Kinoti aliyeileta. Alikuwa amekwenda Nairobi na lori la ngano. Alirudi na sabuni imefungwa kwa karatasi ya kijani. Ilinukia, we! Kendi, tulikuwa tunaogea sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Akanipa mbele ya dada zake. Akasema, 'Hii ni yako peke yako.' Dada zake wote ni weupe kama ndizi mbivu. Nilipoolewa walikuwa wakiniuliza kama nimetoka jikoni."

Niliacha kidole pale pale.

"Endelea kupaka. Nilikuwa na furaha, usifikiri nililazimishwa. Hakuwa mtu wa kuleta vitu. Miaka yote ile hakuniletea kitu kingine, hata kitambaa. Basi nikawa naoga nayo nikisema, huyu ananiona. Baada ya mwaka kila mtu ananisifu. Ndipo madoa yakaanza. Nikaacha, yakazidi. Nikarudia, yakatulia kidogo. Sabuni ilipokosekana dukani nikanunua mafuta. Yeye akafa mwaka wa themanini na tatu. Mimi nikaendelea kuoga nayo."

Kuni zilipasuka. Nilimaliza shavu, nikamaliza paji.

Nilikuwa nimemwandika huyu mama kichwani mwangu kama mtu mkavu. Miaka minne nimekuwa nikisoma ukurasa mmoja tu wake, tena juu chini.

Jumamosi, 25 Mei

Kinoti amekuja, atakaa wiki nzima. Alimtazama mama yake akauliza kama ni baridi inayompasua uso. Mama akasema ni baridi. Tulitazamana mimi na Mama, na karibu nicheke.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Kinoti anaondoka kesho na mashine za kuvuna, wanakwenda Narok kwa ngano ya huko. Atarudi Agosti.

Lakini si hilo ninalotaka kuandika. Leo asubuhi jua lilitoka kali na Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe, kofia ameiweka magotini. Nilipita na ndoo nikasimama. Doa la shavu la kulia limerudi nyuma. Kila Jumatatu huwa nachora kwa wino, pembeni mwa daftari hili, mpaka wake ulipofika. Mwezi wa tatu lilikuwa limegusa mstari wa sikio, leo liko upana wa kidole kizima kutoka sikioni. Na pale lilipotoka, ngozi si nyekundu tena. Ni nyeusi, ile nyeusi laini ya udongo uliolimwa mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Vinyweleo vyake vinaonekana. Vinang'aa!

Nilipiga magoti nikatazama kwa karibu hadi Mama akanifukuza. "Mbona unanitazama kama ng'ombe mgonjwa?"

Miaka ishirini na mitano uso huu umepigwa, na kule chini ulikuwa bado unatengeneza mwingine. Kila mwezi ulikuwa ukituma ngozi mpya juu, na kila mwezi ilikuwa ikichomwa, na haukuacha kutuma. Nani aliufundisha hivyo? Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa kidogo peke yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Daktari Njura amesoma daftari langu lote akiwa amesimama. Akanirudishia akasema, "Huyu mwalimu anaona." Nimetembea na hayo maneno hadi nyumbani. Sasa tunapaka siku moja, tunaruka siku moja.

Jumatano, 12 Juni

Nimempaka. Baridi imeanza. Ukungu hadi saa tano.

Jumapili, 23 Juni

Siku zangu za mwezi zimechelewa wiki mbili. Wiki ya kwanza sikutaka hata kufikiria. Nimeshachelewa mara nyingi katika miaka hii minne na kila mara nimelia. Lakini Ijumaa muuguzi wa zahanati amenipima akasema ni kweli.

Leo jioni nilichukua tyubu kama kawaida, nikaminya punje, nikakaa mbele ya Mama. Mkono ukakataa kwenda. Nikasema, "Mama, daktari aliuliza siku ile kama nina mimba."

Alifumbua macho.

"Nilisema sina. Sasa ninayo."

Sijawahi kumwona mtu akiruka hivyo. Aliupiga mkono wangu kofi, punje ikaangukia majivuni. "Nawa!" Akanivuta hadi kwenye karai. "Nawa. Nawa tena. Chini ya kucha." Alinisugua mwenyewe kwa ile mikono yake inayotetemeka, na ilikuwa haitetemeki. Alinisugua hadi ngozi ikauma. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanapita juu ya madoa.

"Umeigusa mara ngapi tangu mwezi wa tano?"

"Nyingi, Mama."

Alikaa chini. Akaniweka kando yake juu ya gunia, akanifunika kwa kabuti lake.

"Nilimzaa Kinoti mwaka wa sitini na tisa," akasema. "Sabuni ililetwa sabini na moja. Baada ya hapo mimba tatu zilitoka. Mmoja nilikuwa nimeshamjua jina. Sijui kama ni sabuni. Nilimuuliza daktari siku ile ulipokwenda kuchukua kadi, akasema hawezi kujua sasa. Lakini mimi nimelala na hilo swali tangu Machi."

Nilimshika mkono.

"Ulidhani sikuulizi habari ya mtoto kwa sababu nakudharau," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuwa nikiulizwa kila Jumapili, na mama wa Baba Kinoti, mbele ya watu. Siku ulipoingia boma hili niliapa kinywa changu hakitauliza. Nilinyamaza vizuri sana, naona. Nilinyamaza hadi ikawa kama chuki."

Tulikaa hivyo hadi moto ukabaki makaa. Kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu.

Jumatatu, 24 Juni

"Sasa nani atakupaka?" nilimuuliza asubuhi. Nilisema nitamwita Igoki. Mama alisema, "Leta kioo chako."

Nilichomoa kile cha ukutani chumbani kwetu, kikubwa kama sinia. Tulitoka nje kwa sababu ndani kuna giza. Alikigeuza mgongo kwanza, akakishika hivyo kwa muda akitazama waru zilivyochanua maua. Kisha akakigeuza.

Nilihesabu pumzi zake. Aliinua mkono akagusa paji, nyusi, mfupa wa shavu, akifuata njia ile ile ninayopitisha mimi kidole, kana kwamba ameikariri kwa kuhisi.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Mara ya mwisho kujitazama alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Sasa ana hamsini na mitatu. Mama yake alikufa akiwa na umri huo huo, na hakuwahi kupigwa picha. Mama alikuwa amemsahau sura, aliniambia. Alikuwa akijaribu kumkumbuka wakati wa kuomba na sura haimjii.

Alikaa na kile kioo hadi chai ikapoa, akimsalimia.

Jumatano, 26 Juni

Mama amejipaka mwenyewe, miwani ya kusomea ya Igoki puani, viwiko amevitegemeza mezani ili mikono itulie. Mimi nakaa upande wa pili wa chumba. Hataki hata nishike kifuniko.

Jumapili, 30 Juni

Naogopa. Nahesabu siku hadi tarehe kumi na tatu, daktari atakapokuja.

Alhamisi, 4 Julai

Mama anasema niandike: "Shavu la kulia, doa limegawanyika mara mbili. La kushoto bado kichwa ngumu."

Jumanne, 9 Julai

Naota kidole changu. Ndotoni kidole ni cheupe na kila ninachokigusa kinabambuka. Niliamka nikamkuta Mama mlangoni na uji. Sijui alijuaje.

Jumamosi, 13 Julai

Tulifika kabla ya daktari. Nilipomweleza, alivuta kiti akakaa karibu nami, hakufoka.

"Sikiliza. Kiasi kilichokuwa kwenye ncha ya kidole chako ni kidogo, na ulikuwa unanawa. Kinachoweza kuingia mwilini kwa njia hiyo ni kidogo zaidi. Sioni sababu ya wewe kukosa usingizi. Tunakataza kwa sababu hatuchezi na watoto. Umeacha ulipojua, umefanya sawa. Sasa nenda kliniki ya wajawazito kama wengine, ule vizuri."

Mama aliuliza, "Unaapa?"

"Mama, mimi ni daktari, siapi. Nakwambia ninachokijua."

Mama alitafakari jibu hilo, akaitikia kwa kichwa kwamba limemtosha. Nje ya geti alininunulia ndizi mbili akasimama kunitazama hadi nikamaliza zote.

Nimemwandikia Kinoti. Dereva mwenzake anakwenda Narok Jumanne.

Jumatatu, 22 Julai

Ukungu. Mama anasema niandike: "Hakuna kipya." Lakini alikuwa anaimba.

Jumapili, 28 Julai

Kanisani Mama alikaa katikati ya benchi. Igoki alikuja akakaa kando yake, akamwambia kitu sikioni. Baadaye nilimuuliza. "Ameomba msamaha kwa kudhani ulitaka kuninyang'anya boma." Halafu akaongeza, "Na amerudishiwa miwani yake. Ameninunulia nyingine yangu."

Jumamosi, 10 Agosti

Daktari Njura amemkalisha Mama dirishani, amemgeuza huku na huku. Amesema mengi yaliyokuwa juu yametoka. Chini ya macho rangi imezama sana na itabaki, pengine itafifia kidogo, pengine haitafifia. Alisema kwa upole, kama anayetoa habari mbaya.

"Hapo paache," Mama akamjibu. "Hapo ni pangu pia."

Ijumaa, 16 Agosti

Tumevuna siku ya tano leo. Udongo ni mkavu na waru zinatoka safi, kubwa. Kikundi chote kilikuwa shambani kwetu. Mimi nimekatazwa jembe, naokota tu.

Karibu saa nne Kinoti alitokea kwenye njia ya juu, mfuko begani, vumbi la ngano bado kwenye nyusi. Barua yangu aliipata. Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho huku anatabasamu. Mama alikuwa amechuchumaa kati ya mistari. Aliposikia sauti yake aliinuka, akasukuma kofia nyuma ili amwone vizuri, jua likampiga uso wote.

Kinoti alisimama. Tabasamu likaondoka. Ni mtu ambaye hawezi kuona hata nikivaa gauni jipya, lakini alisimama pale na mfuko ukateleza begani hadi chini.

"Mama?"

"Si unaniona? Umesahau mama yako kwa miezi miwili?"

Alikuja polepole, akikanyaga waru. Akakunja mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Aliuleta mkono wake karibu na shavu la mama yake, hakugusa, akatazama mkono, akatazama shavu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini?"

"Rangi hii." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Shuleni walikuwa wakiniita Masizi. Nilikuja nikamuuliza Baba nimeitoa wapi, akasema kwa ukoo wake. Mama, ukoo wa Baba wote ni weupe. Na wewe ulikuwa mweupe, hivyo ndivyo nilivyokujua. Shangazi walikuwa wakisema kwa mzaha kwamba mliniokota njiani mkitoka Timau. Mimi nilicheka nao. Lakini niliamini. Hadi leo, nikiwa mtu mzima, nimeamini."

Wanawake waliacha kuchimba. Igoki alikuwa ameshika jembe hewani na hakulishusha.

Kisha Mama aliushika ule mkono wa mwanawe kwa mikono yake miwili yenye udongo, akauweka shavuni, akaubana hapo, akafumba macho. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nimeutazama uso huu tangu Machi kwa kazi ya kutafuta mpaka, na leo nilitafuta mahali mkono wa Kinoti unapoishia na mama yake anapoanzia, sikupaona. Ila chini ya jicho.